Akili Si Adui wa Imani
Somo: Matendo 17:10–12

Wiki hii tuongee kuhusu kuuliza maswali.

Zamani wafalme wa Ulaya walisema wamewekwa na Mungu, kwa hivyo hakuna wa kuwauliza. Mwingereza Robert Filmer aliwatetea, akidai wamerithi utawala wa Adamu. Mwaka 1689 John Locke alimjibu kwa kitabu. Hakuitupa Biblia. Alifungua Mwanzo akauliza: hayo yameandikwa wapi? Kisha akafundisha kwamba serikali halali hutawala kwa ridhaa ya watu.

Lakini Paris, mwaka 1793, wanamapinduzi waligeuza kanisa la Notre-Dame kuwa Hekalu la Akili, na mji huohuo watu wanakatwa vichwa. Akili ikikalia kiti cha Mungu, nayo inakuwa mfalme asiyeulizwa.

Waberoya walichunguza hata mahubiri ya Paulo, na Neno linawasifu. Kwa hivyo mtumishi akikataa kuulizwa hesabu za sadaka eti kwa sababu ametiwa mafuta, uliza tu, kwa heshima. Hata mimi niulizeni.

Swali la seli: Ni fundisho gani umelikubali bila kulichunguza katika Neno?