Galaksi Ipitayo Juu ya Iringa

Wengi wetu tunakijua Kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma lililoanguka kutoka angani. Tunazijua pia nyota za Kilimia, ambazo wazee wetu walizitazama ili kujua majira ya kulima. Somo letu la leo linahusu kitu kilicho mbali zaidi ya hivyo, nacho hupita juu ya mapaa ya Iringa kila siku, ingawa ni wachache waliopata kuambiwa habari zake. Wataalamu hukiita NGC 3115.

Sisi tuliofundisha miaka mingi tumewasikia vijana wakisema kwamba elimu ya nyota ni ya Wazungu, na kwamba huku kwetu hakuna cha kutazama. Tusilikubali neno hilo hata kidogo. Mji wa Iringa uko kusini mwa ikweta kwa digrii 7 na dakika 46. Anga nayo hupimwa kwa mistari kama hiyo, na kitu hiki kiko kusini mwa ikweta ya anga kwa digrii 7 na dakika karibu 50. Basi kinapita utosini mwa Iringa hasa. William Herschel, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa kabla ya kuwa mwanaanga wa mfalme, alikigundua akiwa Uingereza mnamo Februari 1787. Kule hakipandi zaidi ya theluthi moja ya njia ya kufika utosini, na mtazamaji hukiona kupitia hewa nene. Sisi tunacho juu ya vichwa vyetu, tena tukiwa milimani.

Je, ni kitu gani? Ni galaksi, yaani mabilioni kwa mabilioni ya nyota yaliyoshikamana kwa nguvu ya uvutano. Jua letu limo katika galaksi nyingine, ile tunayoiona kama njia nyeupe angani usiku wa kiangazi. Galaksi yetu ina mikono iliyojiviringa. Nyingine hazina mikono, zina umbo la yai. Mwaka 1936 Edwin Hubble, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa sekondari huko Indiana, Marekani, aliweka kati ya aina hizo mbili aina ya tatu, ambayo wakati huo aliikisia tu: galaksi iliyo bapa, nene katikati na nyembamba pembeni, bila mikono. Mama zetu hawana haja ya mchoro; ni umbo la kitumbua. NGC 3115 ni ya aina hiyo, nasi tunaitazama kwa ubavu.

Jambo kubwa katika galaksi hii ni kwamba karibu imeacha kuzaa nyota. Nyota huzaliwa katika mawingu ya gesi baridi na vumbi, nayo karibu haina akiba hiyo. Tunajuaje? Kwa rangi. Nyota kubwa za buluu huungua upesi kama mabua ya mahindi, lakini zile ndogo za manjano na nyekundu hudumu kama gogo la mwati. Mahali ambapo hazizaliwi mpya, za buluu hutoweka na zile nyingine hubaki. Nuru ya NGC 3115 ni ya manjano, nuru ya nyota za kale.

Gesi ilikwenda wapi? Hapo wataalamu wangali wakibishana. Galaksi zilizosongamana hupokonywa gesi yao na gesi ya moto iliyo kati yao, kama upepo upeperushavyo makapi tunapopepeta. Lakini NGC 3115 haimo katika msongamano wa namna hiyo, kwa hiyo jibu hilo halitutoshi. Yaelekea ilitumia sehemu kubwa ya gesi yake mapema, kisha ikaendelea kukua kwa kumeza galaksi ndogo za jirani.

Katikati yake mna ajabu nyingine. Funga jiwe kwenye kamba ulizungushe. Kadiri linavyokwenda kasi ndivyo mkono wako unavyolazimika kuvuta zaidi. Mwaka 1992 John Kormendy na Douglas Richstone walitangaza kwamba nyota zilizo karibu na kitovu cha galaksi hii zinakimbia mno, hata uzito wa nyota zote zinazoonekana pale usitoshe kuzizuia. Lazima pana kitu kisichoonekana: shimo jeusi lenye uzito wa majua kati ya bilioni 1 na bilioni 2. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba chombo cha angani kiitwacho Chandra kimeona gesi ya moto ikivutwa kuelekea humo.

Nuru humaliza njia ya Iringa hadi Mbeya, kilomita 300 na zaidi, kwa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kutoka NGC 3115 imesafiri miaka kama milioni 32. Mwaka 2013 ilitangazwa habari ya mabaki ya nyani wa kale yaliyochimbwa katika Bonde la Rukwa, yenye umri wa miaka milioni 25. Viumbe hao walipokuwa hai, nuru tunayoipokea leo ilikwisha kuwa njiani miaka milioni 7.

Mwenye kutaka kuitafuta angoje katikati ya Aprili, karibu saa 3 usiku, mawingu yakiruhusu. Atazame juu kabisa aione Alphard, nyota yenye wekundu kidogo iliyo peke yake. Hiyo nayo hupita utosini mwa Mbeya, kwa hiyo kila mji una yake. Anyoshe mkono, apime upana wa ngumi moja kuelekea mashariki. Hapo ndipo ilipo. Mwezi wa Mei, mvua zikiisha, atazame mapema, maana saa 2 itakuwa imeanza kuinamia magharibi. Macho matupu hayatoshi. Inatakiwa darubini, hata ndogo, na mahali pasipo taa. Wala asitazamie rangi za kwenye picha. Ataona doa jembamba la kijivu, kama alama ya chaki iliyofutwa nusu ubaoni.