Gesi imefika Tarime, ugali je?

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Vizuri. Ila mkakati hausongi ugali.

1. Fikiria ugali kwanza. Mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake unafaa chai na mboga. Ugali wa udaga na mtama ni mieleka: ukikaza mwiko sufuria inahama, mtungi unayumba, na mama mkwe kasimama mlangoni anakuangalia. Ukipata uwezo, nunua jiko la mezani, mtungi ukae chini pembeni. Kwa sasa, sufuria pana yenye mikono, na mtu wa kuishika.

2. Makande usiyapikie gesi. Hapo ndipo mtungi unapoishia katikati ya mwezi, kisha tunasema gesi ni ghali. Loweka usiku, asubuhi tia kwenye jiko la umeme la presha. Haitafika hata uniti moja. Umeme ukikatika, usifungue. Joto la ndani litaendelea kuivisha.

3. Dai mzani dukani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Jumlisha kilo 6 uone kama hesabu inakubali. Muuzaji akinuna, mwache anune.

4. Mko Sirari? Kabla ya kubeba mtungi wa bei poa kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka, ulizia kama kuna wa kukubadilishia upande huu. La sivyo umenunua kigoda.

5. Ukisikia harufu, usiguse swichi ya taa. Gesi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu halitoshi: fungua mlango. Kuvuja kunatafutwa kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

6. Wenye ng'ombe wa kufungia ndani, fikirieni biogesi. Wa kuchunga haisaidii sana. Samadi nyingi inabaki malishoni.

7. Jiko la mkaa liweke stoo. Mtungi una tabia ya kuisha saa tatu usiku, duka limefungwa, wageni kutoka Mugumu ndio kwanza wanavua viatu.