Kabla Hujatuma Pesa ya Kushikilia Gari

Umeona Toyota ya zamani Ngong Road, bei iko sawa, na muuzaji anasema, "Tuma elfu ishirini nikushikie, kuna mtu anakuja." Usitume bado. Omba nambari ya gari, kisha ulipie rekodi yake ya NTSA kupitia eCitizen. Utaona jina la mwenyewe, na kama benki imeandikishwa pamoja naye. Jina lisipolingana na kitambulisho chake, achana nalo.

Halafu nenda na fundi wako, si wake. Injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa buluu maana yake inakula oili. Bei ya vipuri iulizie Kirinyaga Road kwanza, maana giaboksi pekee inaweza kumeza nafuu yote. Sisi tunaweza kujaribu kurudisha pesa, lakini akishaitoa kwa wakala, hatuna cha kushika.