UFA WA GOTI HUPIMWAJE?

Muhula wa pili ukifika, uwanja wetu hapa Bukura haukosi kishindo. Nani asiyeota kucheza Bukhungu siku moja, pale Kakamega mjini? Basi winga anageuka ghafla, mguu umekwama nyasini, goti linalia "ta!" na yeye huyo chini. Jioni anakandwa kwa maji moto na chumvi. Jumamosi yuko uwanjani tena. Baada ya siku chache goti linafura na kukwama kama mlango mbovu. Je, ndani kuna nini?

Ndani ya goti, kati ya mfupa wa paja na muundi, mna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo. Kimoja kiko upande wa ndani, kingine upande wa nje. Madaktari huviita meniskasi. Kazi yake ni kama ya ngata anayoweka mama kichwani kabla ya kujitwika mtungi: hupokea uzito na kuusambaza. Ngata hii ndiyo hupasuka.

Eksirei huonyesha mifupa vizuri, lakini meniskasi haionekani. Ndipo hutumika mashine ya MRI. Hii haitumii miale ya eksirei, bali sumaku yenye nguvu nyingi na mawimbi ya redio. Mawimbi hayo husukuma chembe za haidrojeni zilizo katika maji ya mwili, nazo hurudisha ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Meniskasi nzima huonekana nyeusi. Penye ufa huonekana mstari mweupe.

Sasa tuje kwenye vipimo vyenyewe.

Kwanza, mstari mweupe lazima ufike kwenye uso wa meniskasi. Ukionekana hivyo katika picha mbili au zaidi, daktari huwa na hakika kubwa kwamba pamepasuka. Ukionekana katika picha moja tu, hushuku.

Pili, kiwiliwili cha meniskasi kina upana wa milimita 9 hadi 12 hivi. Goti likipigwa picha kutoka ubavuni, kwa vipande vyenye unene wa milimita 4 au 5, umbo kama la tai ya kipepeo huonekana katika picha mbili zinazofuatana. Likionekana mara moja tu, au lisionekane kabisa, huenda kipande kimechanika na kuhama.

Tatu, meniskasi ikichomoza nje ya ukingo wa mfupa kwa zaidi ya milimita 3, huenda shina lake limeng'oka.

Hata hivyo, ndugu zangu, picha si hakimu wa mwisho. Watu wazima wengi wana ufa pichani na hawasikii maumivu yoyote. Kwa hiyo daktari huanza kwa kuuliza, kupapasa na kukunja goti, kisha hulinganisha na picha. Pia hutazama ufa uko wapi. Ukingo wa nje una damu, kwa hiyo ukishonwa waweza kupona. Sehemu ya ndani haina damu, na kupona kwake ni kugumu.

Jeraha la goti si mwisho wa michezo. David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London mwaka 2012, aliyakosa mashindano ya dunia ya Moscow mwaka 2013 kwa sababu ya goti. Alipumzika, akatibiwa, akarudi kushinda Beijing mwaka 2015 na Rio mwaka 2016.

MRI ni ghali, na si kila goti linaihitaji. Lakini goti likifura au likikwama, usijifanye shujaa. Mwambie mwalimu wa michezo, uende hospitalini, na mpira usubiri. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI
1. Kwa nini eksirei haitoshi kuonyesha meniskasi iliyopasuka?
2. Taja vipimo vitatu vya pichani.
3. "Picha si hakimu wa mwisho." Jadili.