SOMO LA LEO: UMRI WA DUNIA KWA KAMBA YA HATUA 46



Siku moja darasani hapa Mugeta mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, haya mawe yana umri gani? Hata babu yangu aliyakuta." Tukatoka nje. Tukaunga kamba za ng'ombe mpaka zikafika hatua 46 ndefu. Nanyi jaribuni.

Dunia ina umri wa miaka milioni 4,600 hivi. Basi kila hatua ni miaka milioni 100. Mwanzo wa kamba ni mwanzo wa dunia. Mwisho wa kamba ni leo. Haya, tutembee.

Hatua ya 11: majini kuna viumbe vidogo sana, jicho haliwaoni.

Hatua ya 20: mawe ya Mara yanaumbika, pamoja na yale yenye dhahabu kule Buhemba. Joto la chini ya ardhi liliyeyusha miamba, ikapoa, ikawa migumu.

Hatua ya 41: wanyama wa kuonekana kwa macho wanaanza kuwa wengi baharini.

Ikibaki hatua moja na nusu: mijusi mikubwa kuliko tembo inaishi Tendaguru, Lindi. Wajerumani waliichimba mifupa yake mwaka 1909 hadi 1913, wakaipeleka Berlin.

Upana wa vidole viwili kabla ya mwisho: viumbe wa kutembea kwa miguu miwili wanakanyaga majivu ya volkano pale Laetoli, karibu na Olduvai. Kundi la Mama Mary Leakey liliziona nyayo zao mwaka 1978. Zina miaka milioni 3.6.

Na watu kama sisi? Unene wa punje ya hindi tu!

Hapo mama mmoja akauliza, "Kumbe tumezaliwa na sokwe?" Hapana, mama. Wataalamu wanasema sisi na sokwe ni kama binamu. Babu yetu mmoja aliishi zamani sana, naye hakuwa mtu wala sokwe wa leo.

Viumbe hubadilikaje? Tazama vifaranga wa kuku mmoja: hawafanani. Anayefaa zaidi mahali alipo huishi na kuzaa, na watoto humrithi. Mabadiliko madogo hujumlishwa kwa miaka mingi. Ziwa letu Victoria lilikauka, likajaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita. Ndani yake kulikuwa na mamia ya aina za furu. Wengine walikuwa na taya ngumu za kuvunja konokono, wengine meno ya kukwangua ukoga kwenye mawe. Wote ni ndugu.

Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Alileta biashara kubwa, lakini alikula furu. Katika miaka ya 1980 aina nyingi zilitoweka. Kwenye kamba yetu, muda huo ni mwembamba kuliko unywele. Aina ya kiumbe ikiisha, hairudi. Ndiyo maana nyavu za matundu madogo na kuharibu mazalio ya samaki si jambo la mchezo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Mawe ya Mara yapo hatua ya ngapi?
2. Kwa nini vifaranga wa kuku mmoja hawafanani?
3. Ni samaki au mimea gani wazee wenu waliijua, nanyi hamuioni tena? Nini kimesababisha?