Ukuta wa Kuzuia Udongo: Piga Hesabu Kabla ya Mvua

Wakazi wengi wa Wundanyi, Mgange na sehemu nyingine za milimani hukata mteremko ili kupata kiwanja, kisha hujenga ukuta wa mawe kuzuia udongo uliobaki juu. Ukuta huo ukianguka, huangukia nyumba iliyo chini yake. Kabla ya kununua mawe na saruji, fahamu mzigo utakaoukabili.

Udongo husukuma kiasi gani?

Mita moja ya ujazo ya udongo ina takriban kilo 1,800. Kwa kanuni iliyotolewa mwaka 1857 na mhandisi wa Scotland, William Rankine, udongo wa kichanga usio na maji, ulio tambarare nyuma ya ukuta, husukuma kando kwa takriban theluthi moja ya uzito wake.

Tuchukue ukuta wa kimo cha mita 2:

• Shinikizo chini kabisa: 1,800 × 2 ÷ 3 = kilo 1,200 kwa mita mraba.
• Juu kabisa ni sifuri, hivyo wastani ni kilo 600.
• Msukumo wote: 600 × 2 = kilo 1,200 kwa kila mita ya urefu wa ukuta.

Ukipandisha ukuta hadi mita 3, msukumo unakuwa kilo 2,700. Kimo kimeongezeka kwa nusu tu, lakini mzigo umezidi mara mbili.

Maji ndiyo hatari kubwa

Maji husukuma kwa uzito wake wote. Yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 2, huleta kilo 2,000 peke yake. Ingawa udongo uliozama hupungua uzito, jumla hupita kilo 2,600. Ukuta uliosimama imara wakati wa kiangazi unaweza kulala chini kwa mvua ya siku chache.

Ufanye nini?

• Acha matundu ya kutolea maji sehemu ya chini ya ukuta.
• Jaza kokoto nyuma yake, si udongo wa mfinyanzi.
• Chimba mtaro juu ili maji ya mvua yapite kando.
• Usiegeshe gari wala kurundika mawe karibu na ukingo.

Mfinyanzi, mteremko mkali au jengo lililo juu huongeza msukumo. Hapo usimwachie fundi akadirie kwa macho. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa, na ramani ya ujenzi iidhinishwe na kaunti kabla ya kuchimba msingi.