Dume anapanda kila siku, lakini ndama wako wapi?



Zizi likikosa ndama, lawama yote inaendea jike. Wanasema ni tasa, wanamuuza mu soko ya Misisi, wachimbaji wa zahabu wanakula nyama, na mwaka unaofuata majike wengine nao hawashiki mimba. Na dume? Ukiuliza, jibu linakuja haraka: "Ah, ule dume iko muzima, anapanda kila siku!" Jibu hilo ndilo tunataka kulichunguza leo.

Kupanda ni jambo moja, kushikisha mimba ni jambo lingine. Korodani za dume zinafanya kazi mbili. Zinatoa homoni inayomtia hamu ya kufuata jike, na zinatengeneza mbegu. Kazi ya pili inaweza kuharibika huku ya kwanza ikiendelea vizuri. Kwa hiyo dume anaweza kukimbiza majike tangu asubuhi hadi jioni akiwa hana mbegu ya maana.

Lakini dume asiyezaa kabisa si wa kawaida, na huyo anagundulika mapema. Anayetupotezea mali ni dume dhaifu, yule anayezaa kidogo-kidogo. Tufanye hesabu. Tuseme una majike 20 wazima. Jike asiye na mimba anarudi kwenye joto karibu kila siku 21. Dume mwenye mbegu nzuri, tuseme anashikisha majike 6 kwa 10 kila mzunguko. Mara ya kwanza wanashika 12, wanabaki 8. Mara ya pili wanashika 5, mara ya tatu 2. Ndani ya siku 63 una majike 19 wenye mimba. Sasa weka dume dhaifu anayeshikisha 2 tu kwa 10. Mara ya kwanza 4, ya pili 3, ya tatu 3. Jumla 10. Mwenye dume anaona ndama 10, anasema dume wake anazaa. Hasemi uongo, anazaa kweli. Ila ndama 9 hawakuja, na maziwa yao hayakuja. Na kwa kuwa mimba ya ng'ombe ni siku 280 hivi, anakuja kustuka mwaka ukiwa umeshapita.

Huku kwetu Fizi jambo hili lina uzito wake. Vita tangu 1996, na tena kule Hauts Plateaux tangu 2017, vimemaliza mifugo ya watu wengi. Wengi wanaanza upya na majike wachache na dume mmoja, mara nyingi dume wa kuazima au wa koperative nzima. Jike mmoja akiwa mgonjwa umepoteza ndama mmoja. Dume wa koperative akiwa mgonjwa, hasara ni ya kila mwanachama. Tuongeze neno ambalo halitapendeza wote: mchinjaji akija na franka mkononi, tunamuuzia dume kijana aliyenona, na yule mdogo aliyebaki nyuma ndiye tunamwacha azalishe. Tunakula mbegu bora, tunapanda makapi. Hakuna mkulima wa muhogo anayefanya hivyo na miti yake.

Dume anapimwa namna gani

Kazi hii ni ya veterineri, lakini sehemu kubwa haihitaji mashine. Inafanywa siku 60 hivi kabla ya kumpeleka kwa majike, ili kama kuna kasoro upate nafasi ya kutafuta mwingine.

Kwanza anatazamwa akitembea. Dume anayechechemea mguu wa nyuma hawezi kubeba uzito wake juu ya jike, hata kama mbegu zake ni nzuri sana. Kwato, macho, meno, unene, vyote vinatazamwa. Kisha ala yake ya uzazi: kuna dume mwenye kidonda au uvimbe ndani ya ngozi ya uume, anapanda lakini haingizi. Mchungaji aliye mbali anahesabu kwamba amepanda.

Halafu korodani. Hapa kifaa ni utepe wa fundi wa nguo, ule wa sentimita. Dume anafungwa vizuri ndani ya kibanio cha miti imara (msijaribu na dume aliye huru, watu wamekufa hivyo). Veterineri anazivuta korodani taratibu hadi chini ya mfuko wake, anazungusha utepe mahali penye unene zaidi, anasoma. Kwa madume ya jamii za Ulaya waliopita miaka 2, kipimo cha chini kinachokubalika ni sentimita 34. Ng'ombe wetu wa kienyeji ni wadogo zaidi, kwa hiyo msichukue namba hiyo kama sheria. Mlinganishe na madume wengine wa umri wake katika eneo lenu, na yule mwenye kipimo cha chini kuliko wote msimchague. Utepe huu unaeleza mengi: korodani kubwa zinatoa mbegu nyingi, na mabinti wa dume wa namna hiyo kwa kawaida wanawahi kubalehe. Zikishikwa zinapaswa kuwa sawa pande zote mbili, ngumu kiasi kama msuli uliokazwa. Moja ikiwa imevimba, ina joto, au imekuwa ndogo na laini, dume huyo asipande mpaka sababu ijulikane.

Mwisho ni mbegu zenyewe. Veterineri anazikinga kwa uke wa bandia, kwa kupapasa tezi za ndani kupitia njia ya haja kubwa, au kwa mashine ya umeme akiwa nayo. Tone moja linatazamwa kwa hadubini palepale zizini. Ile yenye kioo cha kupokea mwanga wa jua inatosha. Kioo cha kuwekea tone kipashwe moto kidogo, maana mbegu zikipata baridi zinalala, na dume mzima ataitwa mbaya bila kosa. Kipimo kinachotumiwa sana kinataka angalau mbegu 30 kwa 100 ziwe zinakwenda mbele, na 70 kwa 100 ziwe na umbo zuri. Kwenye vituo vya mbegu za kugandisha, kama Usa River karibu na Arusha, au Kabete huko Nairobi, kituo kilichoanzishwa 1946, hakuna mbegu inayotoka bila kupita chini ya hadubini.

Matokeo mabaya ya mara moja hayatoshi kumhukumu dume. Mbegu inatengenezwa kwa siku 60 hivi, na inakaa zaidi ya wiki moja ikikomaa kabla ya kutoka. Homa ya ndigana au ya mbung'o aliyoipata mwezi uliopita inaonekana leo ndani ya mbegu. Ndivyo ilivyo kwa madume wanaoshushwa toka milimani kuja bonde la Lulimba wakati wa kiangazi: wanakuta joto, wanakuta kupe, korodani zinazotaka ubaridi kuliko mwili zinachemka. Mpe kivuli, maji, dawa ya kupe, mpime tena baada ya siku 70.

Magonjwa ya kupandana

Kuna magonjwa ambayo utepe na hadubini ya haraka havionyeshi. Trikomonasi inakaa ndani ya ngozi ya uume wa dume bila kumuumiza. Anakula, ananenepa, anapanda. Majike wanashika, kisha mimba inapotea ikiwa changa, wanarudi kwenye joto baada ya mwezi mmoja, miwili au mitatu. Ukiona majike wengi wanarudi hivyo, shuku dume kabla ya kushuku majani. Jike akipumzishwa miezi kadhaa mara nyingi anapona mwenyewe. Dume mzima wa miaka 4 na zaidi kwa kawaida anabaki nayo maisha yote. Huyo ni wa machinjioni, na asiuzwe kwa mfugaji mwingine kwa jina la "dume mzuri". Mahali pake weka dume kijana ambaye hajapanda bado.

Bruselozi ni kali zaidi. Majike wanatupa mimba ikiwa kubwa, miezi 5 na kuendelea, na dume anaweza kuvimba korodani. Inaingia kwa watu pia: homa inayorudi-rudi, maumivu ya viungo. Mimba iliyotupwa isishikwe kwa mikono mitupu, ifukiwe chini sana mbali na mbwa, na maziwa yachemshwe. Damu ya dume ipimwe kabla hajaingia kwenye koperative.

Dume mkubwa aliyepita vipimo apewe majike 20 hadi 25. Kijana wa miaka 2 apewe 10 hadi 15. Mkiwa na madume wawili pamoja, angalieni nani anatawala. Mzee mwenye mbegu mbaya anaweza kumfukuza kijana mwenye mbegu nzuri, na majike wote wakabaki bure.

Chukueni daftari la shule. Andikeni jina la jike, tarehe aliyopandwa, dume gani, na tarehe aliyorudi kwenye joto kama alirudi. Veterineri akifika, kabla hajafungua mfuko wake, mpeni daftari hilo asome.